Wimbo Usio na Noti Usifukuzwe mu Korale



Katika buletini iliyopita mwenzetu mumoja wa mwaka wa tano aliandika ya kuwa korale ya masomo yetu iache kabisa nyimbo zisizo na noti. Alisema wimbo ulioandikwa vizuri, kila sauti mahali pake, soprano, alto, tenori na basi, ule njo muziki. Lakini zile tunazoleta toka kwa wankambo, za Kabongo, za Kaniama, za Malemba-Nkulu, ni kelele tu: kila mutu anaimba vile anapenda, na siku ya kukutana na korale zingine tunapata haya. Akamaliza na neno ambalo sasa watu wanalirudilia kila mahali hapa Base: "Kama haiko ku karatasi, haiko."

Mimi naimba basi katika korale ile, taabu anayosema naijua. Siku zingine tunaanza wimbo tukiwa sauti tatu, tunaumaliza tukiwa sauti saba, na hakuna aliyezihesabu. Katika ile mwenzetu hasemi uwongo. Tena yeye anajua solfa kutupita wote, hata walimu wengine (wanisamehe). Lakini neno lake ni la hatari. Kama komite ya korale inalifuata, kufika Pasaka tutakuwa tumetupa nyimbo kumi na moja zenye hazijaandikwa popote, na watu waliotufundisha hizo nyimbo ni wazee. Mutu akitupa karatasi, anaweza kuomba ingine. Wimbo wa nkambo ukitupwa, tutaomba wapi?

Niruhusuni nianze mbali kidogo, na mutu wa Hungaria, kwa sababu yeye alikuwa mutu wa karatasi kuliko sisi wote.

Anaitwa Béla Bartók. Kwao wanatanguliza jina la jamaa, Bartók Béla, kama vile sisi ku liste ya darasa. Alizaliwa mwaka 1881, akafa New York mwaka 1945. Alikuwa mutungaji, lakini kazi iliyomupatia mukate ni piano: tangu 1907 mpaka 1934 alifundisha piano katika masomo makubwa ya muziki kule Budapest. Aliyemufundisha yeye mwenyewe, István Thomán, alikuwa mwanafunzi wa Liszt. Kwa hiyo si mutu aliyeokota muziki njiani.

Mwalimu wetu mumoja alikuwa na sauti ya Bartók akipiga piano, mu telefone yake, na alitusikilizisha. Mara ya kwanza tulicheka. Kuko wimbo mumoja, Allegro barbaro, aliutunga mwaka 1911 na sauti yake ilikamatwa mu diski mwaka 1929. Piano inapigwa kama ngoma! Mikono yote miwili inaanguka kwa nguvu, kisha inarudilia, inarudilia, kisha inasimama ghafula. Rafiki yangu akasema: "Huyu tata anakasirikia nani?" Mara ya tatu hakuna aliyecheka tena. Tulianza kupiga meza pamoja naye, na tulikuwa tunakosea, maana yeye hakai pale unamungojea.

Sauti za Bartók zilizobaki ni nyingi kuliko mutu anavyofikiri. Kuko diski zilizofanywa na kampani. Kuko zile za mwaka 1940 kule New York, alipopiga nyimbo nyingi za Mikrokosmos. Hiyo Mikrokosmos ni nyimbo 153 alizozipanga toka nyepesi sana mpaka nguvu sana, kwa ajili ya wanaojifunza piano, na zile za kwanza alizifundishia mutoto wake Péter. Kuko muziki aliopiga Washington, tarehe 13 mwezi wa 4, 1940, pamoja na mupiga violoni Joseph Szigeti, katika biblioteke kubwa ya serikali ya Marekani. Kuko na zingine zilizokamatwa nyumbani kwa watu toka ku redio. Hizo ni vipande-vipande tu, zinaanza katikati, zinakatika mbele ya mwisho, na zinachacha kama mafuta ya moto. Mwaka 1981, Bartók angetimiza miaka 100, kampani ya diski ya Hungaria, Hungaroton, ilikusanya vyote hivi, hata vile vipande vibaya, hata vidogo vya mwaka 1912, na kuvitoa. Watu wenye kufanya kazi ile walikuwa wakubwa: László Somfai, mwenye elimu ya muziki, na Zoltán Kocsis, mupiga piano wa kwao mwenye kujulikana dunia nzima.

Juu ya nini walijisumbua? Noti za Bartók zilikuwa tayari zimechapwa. Tena ni noti za mutu mwangalifu kupita kiasi. Bartók aliandika mwendo wa wimbo kwa hesabu ya mashini, na ku mwisho wa nyimbo zake nyingi aliandika hata dakika na sekunde zinazotakiwa. Kama kuko mutungaji ambaye kwake tungeweza kusema "kila kitu kiko ku karatasi," ni yeye.

Sasa chukueni karatasi ile muisikilize pamoja na diski. Bartók hafuati Bartók! Pale alipoandika noti mbili za urefu mumoja, yeye anavuta moja na kufupisha ingine, kama mutu anayesema maneno. Pale karatasi inanyamaza, yeye anaharakisha. Kuko wimbo wake mufupi wa 1908 unaoitwa Jioni kwa Waszékely, ni watu wa milima ya Transylvania. Sauti yake aliitoa zaidi ya mara moja, na hazifanani kabisa, wala na karatasi hazifanani. Mwenyewe alilieleza katika maandiko yake ya mwaka 1937 juu ya muziki wa mashini: mutungaji hapigi wimbo wake sawasawa kila siku, kwa sababu mutu anaishi, na muziki unaoishi unageuka. Alionya vilevile kwamba diski isikamate nafasi ya watu wanaopiga na kuimba wenyewe.

Ndiyo maana walikusanya hata sauti mbovu zinazochacha: karatasi inaonyesha njia, lakini namna mutu alivyotembea ndani yake, hiyo iko mu sauti peke yake.

Lakini kwa ubishi wetu jambo kubwa la Bartók ni lingine. Mwaka 1906 yeye na rafiki yake Zoltán Kodály walianza kwenda vijijini na fonografu, ile mashini ya Edison ya mwaka 1877. Inakamata sauti ku muti wa nta, muviringo, mukubwa kama kopo. Muti mumoja unachukua dakika chache tu, na kila unapousikiliza sindano inaukwaruza, sauti inapungua. Mu vijiji vile watu hawakuwa na noti. Mabwana wa Budapest walidhani muziki wa Hungaria ni ule wanaopiga ku mikahawa. Kwamba wakulima walikuwa na muziki wao, wa zamani, wenye sheria zake, wengi hawakujua wala hawakutaka kujua. "Haiko ku karatasi, haiko." Unaona neno lile lina wajomba wengi.

Kazi haikuwa rahisi. Katika barua moja ya mwaka 1907 Bartók anasimulia namna alivyomuomba mama mumoja wa kijiji nyimbo za zamani sana, na mama akawa anamutolea zingine na zingine, hata za kanisa, kila kitu isipokuwa ile anatafuta. Niliposikia ile nilicheka sana. Sisi wenyewe tulikwenda kwa mama mumoja hapa karibu kuomba wimbo wa kupondea mihogo, akatuimbia wimbo namba fulani wa kitabu cha kanisa, vizuri sana, toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Alifikiri watoto wa masomo wanakuja kumupima imani.

Bartók hakuchoka. Alipita kwa Wahungari, Waslovaki, Waromania. Mwaka 1913 alivuka bahari akafika Biskra, Algeria, akakamata muziki wa Waarabu wa kule, ku Afrika yetu. Na kwa kila wimbo aliandika ni nani aliyeimba, ana miaka ngapi, ni kijiji gani, ni siku gani. Kisha, nyumbani, alisikiliza muti wa nta mara nyingi sana, polepole, akaandika noti. Hata kule New York, 1941 na 1942, akiwa mugonjwa na pesa kidogo, kazi aliyopewa ku université ya Columbia ni kusikiliza diski za waimbaji wa Yugoslavia, zilizokamatwa na Milman Parry, na kuziandika.

Kwa hiyo huyu mukubwa wa karatasi alifuata njia hii: kwanza mutu anaimba, halafu mashini inakamata, halafu karatasi. Mwenzetu ameipindua. Anataka karatasi iwe mulango, na wimbo usiokuwa na karatasi ubakie inje.

Sasa turudi kwetu. Najua kuko wenye watasema: "Ile ni mambo ya Bulaya, huku ni Kamina." Basi tuzungumze Kamina, kwani hapa kitu kikubwa kilitokea, na nimeuliza darasa langu nzima, ni watatu tu waliokisikia.

Mwaka 1953 padri mumoja Mufransisko toka Ubelgiji, Guido Haazen, aliwekwa kuongoza masomo ya kati ya Kamina, kule mujini. Alianzisha korale ya watoto wanaume karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu karibu 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa Ubelgiji (wakati ule ilikuwa vile). Tarehe 23 mwezi wa 3, 1958, ku misioni ya Saint Bavo, Kamina, waliimba misa nzima, na leo dunia inaijua kwa jina la Missa Luba.

Maneno ya misa ile ni Kilatini, yaleyale yaliyokuwa yanaimbwa Roma na Paris. Lakini sauti ni zetu. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana wa Kiluba. Hosanna ni muchezo wa Kasai. Agnus Dei inatoka kwa Bena Lulua. Mwimbaji mumoja anatangulia, korale inaitikia, ngoma zinatembea chini yao. Mwenye kutangulia ambaye jina lake linajulikana ni Joachim Ngoi, mwalimu wa masomo yale.

Na noti zilikuwa wapi? Hazikuwa. Waimbaji walijua njia ya wimbo, walijua nani anaanza na wapi wanaitikia. Kuongeza sauti, kupamba, kupiga ngoma namna hii ao namna ile, walikuwa wakifanya palepale, kama vile watu wa kwetu wanaimba ku matanga na ku ndoa. Mwenzetu angekuwa mu komite ya korale ile, angesema: "Kila mutu anaimba vile anapenda, tutapata haya." Mwaka uleule wa 1958 walipanda kwenda Bulaya. Waliimba Ubelgiji, ku maonyesho makubwa ya dunia ya Bruxelles, wakaimba Uholanzi na Ujerumani. Sijasikia kwamba walipata haya.

Mwaka ule pia sauti yao ilikamatwa na kampani ya Philips, na hapo wimbo ukaanza safari ambayo hakuna mutu wa Kamina aliyeipanga. Mu Italia, mutengeneza sinema Pasolini alitia Gloria yao katika sinema yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Matayo. Mu Uingereza, Lindsay Anderson alitia Sanctus katika sinema yake If.... ya mwaka 1968. Ni habari ya wanafunzi wa interna, masomo ya wanaume yenye sheria nyingi na fimbo (walimu, musome kwa uvumilivu), na mwanafunzi mumoja anaweka diski ile, anaisikiliza, anairudilia tena. Sinema ile ilipata zawadi ya kwanza ku Cannes mwaka 1969. Fikiri kidogo: mutoto wa Kamina wa miaka kumi, kaputula na miguu wazi, sauti yake inasikika mu chumba cha mwanafunzi wa Uingereza kisichokuwa na jua. Ile Sanctus haifikishi hata dakika mbili.

Ku upande wa pili wa diski hakukuwa misa. Kulikuwa nyimbo za watu: za ndoa, za kutoka matanga, za kazi, na mumoja wa askari, Banaha. Huu wa mwisho leo unaimbwa na korale za masomo Marekani na Bulaya. Wanafunzi weupe wanaurudilia pasipo kujua Kamina iko wapi. Ni wimbo wa askari. Na sisi tuko hapa ku Base! Korale yetu haiujui.

Noti za Missa Luba ziko leo, sikatai. Ziliandikwa kisha, na watu waliotega masikio ku diski. Diski njo mama, karatasi ni mutoto. Na kila korale inayoimba misa ile inaifanya tofauti. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliitoa mwaka 1990, kwa Philips tena. Sikilizeni zote mbili: ya Wakenya ni kubwa, safi, sauti nzito za watu wazima, kila mutu anajua mahali pake. Ya Kamina ni nyembamba, inakimbia, sauti za watoto zinapanda mpaka unaogopa zitapasuka. Ya Wakenya ni nzuri sana. Lakini mimi ile ya watoto njo inanisimamisha nywele, na ni upendeleo wa mukaaji wa Kamina, nakubali.

Mutu atauliza: misa ya Wakatoliki inatuhusu nini, sisi Waprotestanti? Wimbo wa kuagana wa Kiluba ulikuwa wa wankambo mbele ya misioni yoyote kufika, yao ao yetu. Na wa kwetu pia walikusanya. Mumisionere wa kipentekoste William Burton, aliyefika Mwanza mwaka 1915, alikusanya methali za Kiluba na kupiga picha nyingi za kazi na desturi. Methali nayo haina noti.

Sasa nasema jambo linaloniuma zaidi kuliko makala ya mwenzetu. Missa Luba, dunia inaandika, ni ya Guido Haazen. Alifanya kazi kubwa, tumushukuru. Joachim Ngoi anatajwa kwa wenye kutafuta. Lakini wale watoto 45? Walizaliwa kati ya 1944 na 1949, hivi. Wengine wako wazee, labda hapahapa mujini, labda wankambo wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Ni nani kati yetu anayeweza kutaja hata watano? Mama wa kijiji cha Hungaria aliyeimba mu muti wa nta, Bartók aliandika jina lake na miaka yake, na yuko ku karatasi mpaka leo. Mutoto wa Kamina aliyeimba dunia nzima isikie, jina lake linatafutwa kwa kuuliza-uliza nyuma ya soko.

Hata Hugh Tracey, muzungu wa Afrika ya Kusini aliyepita Katanga mwaka 1952 na tena 1957, akikamata nyimbo za Baluba na za Bakanyok, aliandika majina ya wapigaji na ya vyombo vyao. Vitu vyake vinalindwa na ILAM, nyumba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, sasa iko ku université ya Rhodes, Afrika ya Kusini. Yaani tukitaka kusikia namna wankambo wa Kaniama waliimba mwaka 1957, tunapaswa kuomba mbali vile. Afadhali kuko mahali pa kuomba. Kwa nyimbo zetu kumi na moja hakuna.

Mutasema: leo kila mutu yuko na telefone, sauti zinakamatwa kila siku. Ndiyo, na zinafutwa kila siku. Noeli ya mwaka uliopita tuliimba wimbo wa kupokea mugeni, ule wenye kuanza na sauti ya mwanamuke peke yake. Telefone nne zilikuwa juu. Nimezitafuta zote nne. Moja iliibiwa ku treni. Ya pili iliuzwa. Ya tatu mwenyewe alifuta kusudi apate nafasi ya sinema za karate. Ya nne iko na wimbo, lakini mutu mumoja anakohoa mbele yake toka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna jina, hakuna tarehe. Nisingekuwa pale nisingejua ni nini. Muti wa nta wa mwaka 1906 unakaa kuliko telefone yetu, kwa sababu kulikuwa mutu mwenye kuuandikia karatasi ndogo na kuuweka mahali.

Kwa hiyo mawazo yangu kwa komite ya korale, kwa bwana prefe, na kwa mwenzetu wa mwaka wa tano, ni haya. Tusitupe nyimbo zile. Twende kwa wenye kutufundisha, tuombe ruhusa kwanza (wengine watakataa, na wakikataa basi), tuwaombe waimbe kimya kikiwa, mbali na barabara na mashini ya kusaga. Mutu akae na kaye: jina la mwimbaji, miaka yake, kijiji chake, luga, siku, alijifunza kwa nani, na wimbo unaimbwa wakati gani. Ile ya mwisho watu wanaisahau, nayo ni kubwa: wimbo wa matanga hauimbwi ku sikukuu ya masomo, hata kama sauti yake ni tamu. Kisha sauti iwekwe mu kadi mbili, moja ku biro ya prefe, moja kwa mwalimu wa korale, na hakuna anayezifungua kwa kutia sinema. Bei ya kadi mbili tunaweza kuchanga kwa Jumapili moja.

Na kwa ile taabu ya sauti saba, hapo pia dawa inaonekana. Tunagombana ku mazoezi kwa sababu kila mumoja anasema, "Nkambo wangu aliimba hivi." Tukiwa na sauti ya mwimbaji mumoja, tunaketi, tunasikiliza pamoja mara kumi, basi wanajua wapi wanaingia. Isiwe sheria ya Musa. Mwakani mwingine atakuja kutoka Malemba na namna yake, nayo tutaikamata, na jina lake litaandikwa chini.

Tumekwisha kuanza kidogo. Kaye iko, nimeinunua, na nyimbo mbili ziko ndani na majina. Wa tatu ni wa nkambo mumoja wa hapa Base ambaye amekubali, akasema tu tusimuletee watu wengi. Tunakwenda Jumamosi kisha chakula cha muchana, watu wanne. Watatu wamepatikana. Wa ine tunataka awe mutu anayejua solfa, atakayesikiliza sauti pole-pole na kuiandika noti kwa noti, pamoja na pale nkambo anavuta na pale anaharakisha. Mwenzetu wa mwaka wa tano, nafasi ni yako kama unaitaka. Uje na kalamu ya risasi na gome nzuri, maana utafuta sana.

Basi wa korale, mwaka wa sita